Akiba Inayooza: Mabinti wa Mwezi Ndani ya Sanduku la Kangeta

Wahenga wetu walinena kuwa akiba haiozi. Nami tangu utotoni niliuamini msemo huo kama nilivyoamini kuwa jua huchomoza mashariki, hata siku ile nilipofika Kangeta, katika nchi ya Waigembe, nikafunguliwa sanduku la bati na kuonyeshwa akiba iliyokwisha kuota kuvu.

Kwa msomaji asiyepajua, Kangeta ni soko lililo kando ya barabara itokayo Meru kwenda Maua, penye miinuko ya milima ya Nyambene. Sisi watu wa Mombasa tulilijua jina hilo kabla ya kuijua njia ya kufika, kwani kangeta ni jina la aina mojawapo ya miraa, kama vile giza na alele. Mji mzima huishi kwa mti huo, na mti huo una tabia moja: haungoji. Miraa ikishachumwa na kufungwa kwa majani ya mgomba, huna zaidi ya siku mbili au tatu kabla haijapoteza nguvu yake na kuwa vijiti vya kuwashia moto. Ndiyo sababu magari yake hukimbia kama yanayofukuzwa. Kabla Uholanzi haijaipiga marufuku mwaka 2013, na Uingereza mwaka 2014, iliyochumwa Nyambene asubuhi ilikuwa ikitafunwa London siku ya pili yake. Na Somalia ilipofunga mlango mwezi Machi mwaka 2020, hata ikaufungua tena Julai mwaka 2022, watu wa hapa waliiona mali yao ikinyauka mbele ya macho yao, maana miraa haiwekwi ghalani ikasubiri bei nzuri.

Basi katika mji huo wa bidhaa isiyowekeka, nilimkuta mtu ambaye kazi yake ya moyoni ni kuweka.

SANDUKU LA MWALIMU

Nilikuwa nimekwenda kwa shughuli nyingine kabisa. Mwaka 2024 huku kwetu Pwani palizuka mabishano makali juu ya muguka, jamaa ya miraa inayotoka upande wa Embu, nami nikaona si haki kuandika juu ya jani bila kuzungumza na mkulima wake. Mwenyeji wangu alikuwa mzee mmoja aliyefanya biashara ya miraa miaka mingi, sasa amestaafu. Nilimsalimu kwa "Muga" niliyofundishwa garini, akacheka matamshi yangu, akaagiza chai. Aliyeleta chai alikuwa binti yake, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa umri unaokaribia miaka arobaini. Ameniomba nisilitie jina lake gazetini, nami nitamwita Mwalimu tu.

Mzee alimwambia, "Mwonyeshe mgeni hazina yako. Huyu ni mtu wa mashairi, hatakucheka."

Nakiri, msomaji, kwamba nilikaribia kucheka. Ndani ya sanduku mlikuwa na kanda za video, zile nene nyeusi za VHS, na chini yake diski za DVD ndani ya makasha yenye picha. Na picha zote zilikuwa za jambo moja: wasichana wa katuni wenye macho makubwa na sare za shule zenye kola za mabaharia, nyuma yao mwezi mkubwa. Jina lililoandikwa juu yao lilikuwa *Sailor Moon*.

"Hizi ni za watoto wako?" nikauliza.

"La, Mzee. Ni zangu. Watoto wangu hawaruhusiwi kuzigusa."

SUNGURA WA MWEZINI

Huenda wapo wasomaji wanaoijua hadithi hii kuniliko mimi, lakini kwa wengine yafaa niieleze kwa ufupi. Katika nchi ya Japani mna aina ya filamu za katuni ziitwazo *maho shojo*, yaani hadithi za mabinti wenye miujiza. Ya kwanza kuonyeshwa kwenye televisheni, mwaka 1966, ilimhusu Sally, binti mchawi aliyeshuka kuishi na wanadamu, na mtungaji wake, Mitsuteru Yokoyama, alipata wazo hilo kutoka mchezo wa Kimarekani uitwao *Bewitched*. Sehemu zake za mwanzo zilikuwa nyeusi na nyeupe. Zikafuata nyingi baada yake: mwaka 1969 Akko mwenye kioo cha ajabu, mwaka 1983 Creamy Mami aliyegeuka mwimbaji, mpaka mwaka 1992 alipotokea huyu wa sanduku la Kangeta.

Hadithi ya *Sailor Moon* iliandikwa na kuchorwa na mwanamke, Naoko Takeuchi, na kampuni ya Toei ikaifanya filamu ya televisheni iliyoanza tarehe 7 Machi mwaka 1992 na kumalizika Februari mwaka 1997, jumla ya sehemu 200. Shujaa wake ni msichana wa miaka kumi na minne, mvivu wa masomo, mlafi wa vitamu, mwepesi wa kulia. Siku moja paka mweusi mwenye alama ya hilali pajini anamwambia kuwa yeye amechaguliwa kupigana na maadui wa dunia. Jina lake ni Usagi Tsukino, na ukilisoma majina ya ukoo yakiwa mbele kama wafanyavyo Wajapani, hutoka maana ya "sungura wa mwezini". Hii ni kwa sababu Wajapani wakiutazama mwezi mpevu huona ndani yake umbo la sungura akitwanga kwa mchi.

Hapo nilijikuta nimeketi vizuri. Sungura! Nani miongoni mwetu hakulelewa na hadithi za Sungura, mnyonge wa mwili aliyewashinda Simba na Fisi kwa akili zake?

Kisha Mwalimu akanitajia wenzake Usagi, kila mmoja na nyota yake, nami nikazitambua nyota zote, kwani ni zile zile tulizofundishwa na mabaharia na wazee wa falaki huko kwetu: Utaridi, Mirihi, Mushtarii na Zuhura. Akanieleza jambo ambalo sikulijua. Katika maandishi ya Kijapani, Utaridi huandikwa "nyota ya maji", Mirihi "nyota ya moto", na Mushtarii "nyota ya mti". Ndiyo sababu binti wa Utaridi hupigana kwa maji na wa Mirihi kwa moto, na hata majina yao ya ukoo yamebeba maji, moto na mti. "Haya sikuyajua nikiwa mtoto," alisema. "Niliyajua baadaye, nikiwa natafuta."

Mimi ni mtu wa chuo, nimekalia jamvi la Korani kabla sijakalia dawati la skuli, na habari ya uchawi hainivutii hata ikiwa ya katuni. Nilimwambia wazi. Hakukasirika. Alisema, "Mzee, mimi sikuupenda uchawi. Hadithi zote nilizosimuliwa hapa, anayekwenda kupigana ni kaka, na dada hungoja nyumbani. Huyu alikuwa msichana mwoga, anayelia mbele ya watu wote, halafu anajipangusa machozi anakwenda. Nilikuwa na miaka kumi. Mimi pia nilikuwa mwoga."

Sikuwa na jawabu la kumpa.

KANDA ZILIZOSHUKA NA GARI LA MIRAA

Kanda zilifikaje Kangeta? Mjomba wake alikwenda kusoma Marekani, na mwaka 1998 alipokuja likizo alimletea mpwa wake zawadi ya kanda tatu, zilizotolewa huko mwaka uliotangulia. Nyumbani palikuwa na mashine ya video ambayo Mzee aliinunua enzi miraa ilipokuwa na bei, na jenereta ya kuiendesha, kwani stima ilikuwa bado haijafika boma lile. Wakaketi wote, jirani kwa jirani. Mashine ikawashwa. Kioo kikaonyesha picha nyeusi na nyeupe zikipanda na kushuka kama nguo iliyoanikwa kwenye upepo.

Kosa halikuwa la kanda wala la mashine. Ulimwengu wa televisheni wakati ule uligawanyika kwa mifumo. Marekani na Japani walitumia mfumo wa NTSC, na sisi Kenya, kwa urithi wa Waingereza, tulikuwa katika PAL. Kanda ya mfumo mmoja haikusomeka sawasawa katika mashine ya mfumo mwingine, ijapokuwa kwa macho kanda hizo ni pacha. Dawa yake ilikuwa deki ya mifumo yote, na deki za namna hiyo zilikuwa zikiletwa Mombasa kutoka Dubai. Mzee akamwagiza dereva. Gari lililoteremka Mombasa na miraa likarejea Kangeta na deki, imefunikwa gunia isiingie vumbi.

"Baba aliuza miraa ya wiki nzima," alisema Mwalimu, "ili mimi nione rangi ya nywele za msichana wa katuni." Mzee, aliyekuwa akisikiliza, akasema zilikuwa manjano, na kwamba pesa ile ilikuwa nyingi.

TOLEO NA TOLEO

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niandike makala haya, kwani kukusanya vitu tu si habari. Hata panya hukusanya.

Mwalimu alipokua na kupata mshahara wake alianza kutafuta sehemu ambazo hakuziona, na hapo akagundua kuwa hadithi aliyoipenda hakuwa ameipata nzima. Kampuni iliyoitia sauti ya Kiingereza mwaka 1995, iitwayo DIC, ilichukua sehemu 89 za mwanzo na kuzifanya 82. Sita ziliachwa kabisa, na mbili za mwisho wa fungu la kwanza, ambamo mabinti wanakufa mmoja mmoja wakimlinda mwenzao, zilibanwa zikawa moja, na waliokufa wakasemwa kuwa wametekwa tu. Usagi aliitwa Serena. Adui mmoja mwanamume alipewa sauti ya kike na kufanywa mwanamke. Sungura wa mwezini akatoweka jinani, na pamoja naye maana yote ya mwezi.

Wala halikuwa jambo la filamu hiyo peke yake. Mfululizo mwingine wa namna hiyo, *Cardcaptor Sakura*, ulikuwa na sehemu 70 kwao Japani. Ulipoonyeshwa Marekani kuanzia mwaka 2000 zilionekana 39. Na hata huko kwao wenyewe toleo la televisheni na toleo la kuuzwa si kitu kimoja. Mwaka 2011 mfululizo uitwao *Madoka Magica* ulikatizwa na tetemeko kubwa la Machi 11, sehemu zake mbili za mwisho zikangoja mpaka tarehe 21 Aprili. Na diski zake zilipotoka, watazamaji walikuta picha nyingi zimechorwa upya. Ndiyo sababu wakusanyaji wa filamu hizi hawatosheki kwa kumiliki "hadithi". Huuliza: toleo gani, la mwaka gani, limekatwa wapi?

Mwaka 2003 na 2004 kampuni moja ya Marekani, ADV, ilitoa diski za fungu la kwanza na la pili bila ya kukatwa picha, kwa Kijapani na maandishi ya Kiingereza chini yake, ingawa katika fungu la pili bado sehemu moja ilikosekana. Muda si mrefu haki zikaisha, diski zikaacha kutengenezwa, na kwa muda wa miaka kumi hivi aliyezitaka ilimbidi amtafute mtu mwenye nazo. Mwalimu alizipata Nairobi, mkono wa pili, kwa msichana aliyekuwa akihama. Ilikuwa mwaka 2012. Anasema alirudi Kangeta kwa matatu akiwa amezipakata kama mtoto mchanga. Mwaka 2014 ndipo kampuni ya Viz ilipoichukua upya hadithi, ikaitoa nzima na kuitia sauti mpya za Kiingereza.

Nikamwambia: "Basi kazi imekwisha. Toleo kamili lipo. Hizi kanda zilizokatwakatwa za nini?"

Alinitazama kama mwalimu amtazamavyo mwanafunzi aliyejibu haraka.

"Mzee, lile kamili lina sauti nyingine. Waliosema maneno niliyoyasikia nikiwa na miaka kumi wamo humu tu, kwenye kanda na diski za zamani. Wakitupwa hawa, nani atajua kuwa kulikuwa na Serena?"

Msomaji, neno hilo lilinipiga kifuani, kwani ndilo tusemalo sisi wa mashairi. Muyaka bin Haji alipofariki Mombasa mnamo mwaka 1840, tungo zake zilibaki vinywani mwa watu, huyu anajua hivi na yule anajua vile. Alikuwa ni Mwalimu Sikujua aliyekwenda akizikusanya, na Taylor akaziweka pamoja na maelezo, na mwaka 1940, miaka mia baadaye, Hichens akazitoa kitabuni. Lau Mwalimu Sikujua angesema "hii imekosewa, nitupe", leo tungekuwa na Muyaka gani? Mwenye kuhifadhi huiweka nakala nzuri na ile mbovu pia, maana haijulikani kesho mtu atakuja na swali gani.

Na wale wanaodhani vitu vya maana huhifadhiwa Ulaya tu, nawakumbusha jambo moja. Shirika la BBC la Uingereza lilifuta kanda zake nyingi za mchezo wa *Doctor Who* ili lizitumie tena. Mwaka 2013 ilitangazwa kuwa sehemu 9 zilizodhaniwa zimepotea milele zimeonekana. Zilionekana wapi? Jos, nchini Nigeria, ndani ya stoo ya kituo cha televisheni. Mwafrika mmoja ambaye jina lake hatulijui hakutupa, basi.

KANDA YA TATU

Katika zile kanda tatu za mjomba, ya tatu ndiyo iliyoota kuvu. Na hiyo ndiyo yenye kisa.

Ndani yake mlikuwa na sehemu ambayo binti wa Mushtarii anaingia kundini. Kanda zinazouzwa zimeshatiwa filamu hukatwa kijipande cha plastiki nyuma, ili mashine isikubali kuzirekodia juu yake. Lakini kila mtoto wa zama zile aliijua hila: ziba kitundu kwa selotepu. Mwaka 2001 dada yake mkubwa alipoolewa, mpiga picha alikuja na kamera yake, na kaka yao, kwa kukosa kanda tupu, akaichukua ile ya Mushtarii, akaziba kitundu, akanakili harusi. Mwalimu alilia siku mbili. Anasema hakuzungumza na kakaye mpaka Krismasi.

"Halafu?"

"Halafu mwaka 2004 nyanya yetu alifariki. Ndipo tukakumbuka kuwa katika harusi ile alisimama akawabariki maharusi, akaimba. Hakuna kanda nyingine, Mzee. Ile ya mpiga picha alishaitumia tena. Nyanya yumo humu tu, juu ya Mushtarii."

Deki ya Dubai ilikufa zamani. Fundi wa Maua aliitazama akasema vyuma vyake havipatikani, naye hakusema uongo: kampuni ya mwisho iliyokuwa ikitengeneza mashine hizo, Funai ya Japani, iliacha mwezi Julai mwaka 2016. Ndugu wote wamekuwa wakisema "tutaipeleka Nairobi", na kila mwaka hapana aliyeipeleka, kwa kuogopa kupotea njiani. Wakati huo huo ubaridi na unyevu wa Nyambene unafanya kazi yake. Nilipoiinua kwenye mwanga niliuona ukungu mweupe kama unga umekaa pembeni mwa utepe. Wataalamu wa hifadhi wamelipigia kelele jambo hili kwa miaka. UNESCO na chama cha wahifadhi wa sauti walitoa onyo mwaka 2020 kwamba hatari si kanda tu kuoza, bali mashine za kuzisoma na mafundi wa kuzirekebisha kutoweka kabla yake. Kitabu kikibaki kimoja, chahitaji jicho tu. Kanda yahitaji jicho la chuma, na jicho hilo halitengenezwi tena.

Nilikumbuka ubao wetu wa chuoni. Tuliandika aya kwa wino, tukaisoma mpaka ikakaa kichwani, na maalimu aliporidhika ndipo tulipoosha ubao kuandika nyingine. Ubao haukuoshwa kabla ya kuhifadhiwa. Kizazi chetu cha kanda tuliosha kwanza, tukasahau kuhifadhi.

SAFARI YA KURUDI

Asubuhi ya kuondoka, Mzee aliniita kando. Alikuwa na kanda ile ndani ya mfuko, imefungwa kwa majani ya mgomba juu ya karatasi, kama bunda la miraa. Alisema, "Wewe umesema Mombasa yuko mtu mwenye mashine. Mama wa mwanangu huyu hajamsikia mama yake miaka ishirini. Ichukue."

Nilisema huenda ikakatika. Nikasema sina dhamana. Mwalimu, aliyesimama mlangoni, hakusema neno mpaka nilipopanda gari. Kisha akasogea dirishani: "Ikibidi kuchagua, Mzee, mwache Mushtarii. Okoa Nyanya."

Fundi mwenyewe yupo Mji wa Kale, mtu wa makamo, kibanda chake kimejaa maiti za redio. Mashine anayo moja inayofanya kazi, na nyingine tano amezikalia kwa kuzitoa viungo. Hakuitia kanda ndani moja kwa moja. Alisema kuvu kikifika kwenye kichwa cha mashine huwa kimeziua kanda na mashine pamoja. Aliilaza juani kwa muda mfupi kwanza, akafungua skrubu tano za kasha, akautoa utepe huo wa nusu inchi, akaupangusa pole pole kwa kitambaa laini na spiriti, akauhamishia kasha jingine safi. Kazi hiyo ilichukua mchana wa siku mbili. Nilikaa naye nikamsomea mashairi, naye akanisahihisha mizani, kwa haki.

Magharibi ya siku ya pili aliibonyeza. Mwanzo zilikuja picha za katuni zenye mistari, mabinti wakikimbia kwa Kiingereza. Kisha kioo kikatetemeka, mashine ikasita ikigeuza mfumo kutoka ule wa Marekani kwenda wetu, na ghafula tukawa Kangeta, mwaka 2001. Mahema, watu, mbuzi akipita. Picha iliharibika na kutengenea, ikaharibika tena. Kuna dakika ambazo hazionekani kabisa ila rangi zinazochuruzika. Lakini sauti ilikuwa nzima. Na katikati ya sauti hiyo alisimama bibi mmoja mfupi mwenye leso begani, akaanza kusema kwa Kiigembe, na wale waliokuwa wakipiga kelele wakanyamaza. Sikufahamu hata neno moja. Fundi naye hakufahamu. Tulisikiliza mpaka mwisho.

Alipomaliza kuimba, vigelegele vikapigwa, harusi ikakatika. Kioo kikawa cheusi kidogo, mashine ikasita tena, na ule mkia wa filamu ambao harusi haikuufikia ukatokea: mwezi, na msichana amesimama mbele yake. Kaka mtu hakuwa amefuta yote.

Fundi alivinakili vyote viwili kwenye kijiti cha kumbukumbu, nami nikafanya nakala tatu, kwani moja si akiba. Moja ilipanda Kangeta kwa mkono wa dereva wa miraa, ileile njia iliyopandisha deki. Siku tatu baadaye Mwalimu alinipigia simu. Alisema mama yake ameisikiliza mara nne, kisha akauliza yule msichana wa mwisho mwenye nywele za manjano alikuwa mgeni wa upande gani wa harusi.

Msomaji, kagua makabati yako. Kanda iliyo humo, iwe ya harusi, ya mawaidha, ya taarabu au ya katuni, iweke wima pakavu, mbali na spika na sumaku, wala usiitie katika mashine ikiwa umeona weupe juu yake. Mtafute fundi angali hai, umlipe haki yake. Nami nafunga kwa ubeti:

Kilichomo sandukuni, si mali ya kufichika,
Ni amana mikononi, ya wajao kukishika,
Kikitupwa majaani, hakirudi kwa kusaka,
Kitunzeni, kitunzeni, kabla hakijatoweka.